Mahkama ya Vuga: lile jengo tulifanye nini?

Wiki ilopita nilikuwa nakunywa kahawa pale Jaws Corner, baraza la kahawa la Mji Mkongwe wa Zanzibar, kijana mmoja mwanafunzi akasema kwa kujiamini kabisa kwamba jengo la Mahkama Kuu Vuga kalijenga Mwarabu, si unaona yale matao na lile kuba. Wazee wawili wakaitikia. Mie nikacheka, na kucheka kwangu ndo kukaniponza, maana niliingia kwenye mabishano ya saa nzima na mpaka leo hayajanitoka kichwani, kwaiyo nimeona bora niyaandike yote, ya kwangu na ya wenzangu, halafu kila mtu apime mwenyewe.

Tuanze na hilo la Mwarabu. Jengo kachora Muingereza, John Houston Sinclair, aliyekuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni hapa na baadae, kuanzia 1922 hadi 1924, akawa ndiye Rezidenti mwenyewe, yaani mkubwa wa Waingereza visiwani. Kazi ya ujenzi ilianza 1904 ikamalizika 1908, zama za Sultani Sayyid Ali bin Hamoud. Na si hilo tu. Ile nyumba ya Rezidenti ambayo sa hivi ni Ikulu, kachora yeye, 1903. Posta ya Shangani, yeye. Sinema ya Royal ya pale Vuga iliyoungua miaka ya 1950 na mahali pake pakajengwa Majestic, yeye pia. Beit el Amani pale Mnazi Mmoja, lile jumba jeupe lenye kuba la makumbusho lililofunguliwa 1925 kwa ajili ya kumbukumbu ya amani baada ya Vita vya Kwanza, yeye. Ukitoka Shangani kwa miguu ukapita Vuga mpaka Mnazi Mmoja unakuwa umetembea ndani ya kichwa cha mtu mmoja, na wengi wetu tumekulia humo tukidhani tuko ndani ya kichwa cha Sultani Sayyid Barghash.

Sasa kwa nini Muingereza ajenge kama Mwarabu? Hapa ndo pananoga na hapa ndo nataka nikae kidogo.

Kumbuka 1896. Tarehe 27 Agosti manowari za Kiingereza ziliipiga mizinga kasri ya Sultani kwa muda usiofika hata saa moja, Sayyid Khalid akakimbia, na katika majumba yaliyobomoka ni Beit al-Hukm, na jina hilo ukilisikiliza vizuri ndani yake lina hukumu na lina utawala. Kabla ya hapo masultani walikuwa wakikaa barazani wenyewe wanasikiliza mashtaka ya watu, na makadhi wakihukumu kwa sharia. Miaka minane tu baada ya mizinga hao hao waliovunja wanaanza kujenga nyumba nyengine ya hukumu, upande wa pili wa mji, mbali na bahari, na wanaivisha matao na kuba. Ukiniuliza mie nitakwambia ile ni kanzu iliyovaliwa juu ya suti. Walikuwa wanatawala kwa jina la Sultani, basi na nyumba zao lazima zionekane kama za Sultani, mtu asishtuke.

Na ndani mambo yalikuwa vivohivo. Baada ya 1897 kulikuwa na mahkama mbili juu ya ardhi moja: ya Waingereza kwa ajili ya raia wao na watu walio chini ya himaya yao, wakiwemo Wahindi wengi wa mjini, na ya Sultani kwa ajili ya raia wa Sultani. Ikaja sheria ya mahkama ya 1908, mwaka uleule jengo linamalizika, na kwa sheria ile majaji wa Kiingereza wakawa ndo majaji wa mahkama ya Sultani pia. Yaani jaji ni yuleyule, wigi ni lilelile, kinachobadilika ni jina la anayemhukumia. Makadhi hawakuondolewa, tena walikuwepo maulamaa wakubwa kweli, Sheikh Ahmad bin Sumayt upande wa Shafii na Sheikh Ali bin Muhammad al-Mundhiri upande wa Ibadhi, watu ambao mpaka leo darsani wanatajwa, lakini kazi yao ikabanwa ikabaki zaidi kwenye ndoa, talaka na mirathi, na rufaa ya hukumu ya kadhi ikawa inaweza kwenda kwa jaji ambaye Qur'ani kaisoma kwa tafsiri kama kaisoma.

Kwaiyo yule kijana alikosea na hakukosea. Waliotaka aamini vile walifanikiwa, miaka zaidi ya 100 baadae.

Mmoja wa wale wazee, mtu aliyewahi kufanya kazi za ukarani zamani, akanirukia: basi kama ni la mkoloni kwanini tunalililia? Mahkama imeshajengewa jengo jipya kule Tunguu, nje ya mji, kubwa, lina nafasi, tuhamie huko tumalizane, hili la Vuga apewe mwenye pesa zake alitengeneze. Hoja yake si ya kijinga hata kidogo na mie sitaki kuipita mbio.

Kwanza, jengo la 1908 lilijengwa kwa ajili ya mji wa 1908. Kesi zilikuwa chache, mawakili wa kuhesabika, hakuna kompyuta, hakuna kamera, hakuna mtu anayetoa ushahidi kwa video. Leo unahitaji chumba cha mashahidi wasikutane na ndugu wa mshitakiwa kwenye ngazi, unahitaji mahali pa mtoto aliyefanyiwa vitendo viovu akazungumze bila kumuona aliyemfanyia, unahitaji njia ya mtu wa kiti cha magurudumu, unahitaji stoo ya vielelezo, na mafaili yasiwe kwenye ukuta unaovuta unyevu. Nyumba ya mawe na chokaa ni nzuri kwa baridi lakini karatasi haiipendi. Huwezi kuvunja ukuta wa nyumba ya urithi ukapitisha lifti kila unapotaka, Mji Mkongwe uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tokea 2000, na hata bila UNESCO, Mamlaka ya Mji Mkongwe ipo tokea 1985 na kazi yake ndo hiyo, kukuzuia usivunje.

Pili, maegesho. Siku yenye kesi kubwa njia ya Kaunda inakuwa vurugu, magari ya mawakili, gari ya magereza, watalii wanapiga picha, na jamaa wa mshitakiwa wamejaa ukutani. Tunguu kuna uwanja. Na wanafunzi wa sheria wa Zanzibar University wako hapohapo Tunguu, wanaweza kutoka darasani wakaenda kusikiliza kesi ya kweli, jambo ambalo ni zuri na sisikii watu wakilisema.

Lakini upande wa pili nao una maneno. Mtu wa mjini anakwambia Tunguu ni mbali, na akikwambia hivyo usimcheke, kwa sababu mahkama si jambo la majaji tu. Mlalamikaji wa Michenzani au Kikwajuni alikuwa anakwenda Vuga kwa miguu. Sasa apande daladala, na akifika akaambiwa kesi imeakhirishwa arudi tarehe fulani, basi kapoteza nauli na kapoteza siku. Mwenye gari haoni hilo. Upande mwengine mtu wa Makunduchi, Jambiani, Unguja Ukuu anakwambia alhamdulillahi, miaka yote sisi ndo tuliokuwa tukipata tabu na nyinyi watu wa mjini mlikuwa hamjui, leo zamu yenu. Na kweli, hii ndo hoja ambayo imenibadilisha mawazo kidogo. Nilikuwa naona kuhamisha mahkama ni kuitoa kwa watu, kumbe inategemea watu gani. Mahkama za chini bado zipo karibu, na Pemba wana Mahkama Kuu yao inayokaa Chake Chake.

Bibi yangu wa Wete, Mungu amrehemu, aliwahi kuja Unguja kwa meli ya Mapinduzi kutoa ushahidi katika kesi ya shamba la mikarafuu la ndugu zake. Kashuka bandarini Malindi asubuhi, kapita kwa miguu katikati ya mji na buibui lake mpaka Vuga. Kila alipoisimulia safari ile hakuwa anasimulia kesi. Alikuwa anasimulia ule mlango, na zile ngazi, na kwamba alipoulizwa jina lake alilisema kwa sauti ndogo akaambiwa lirejee, akalirejea, na mara ya pili alilisema kama anamwita mtu yuko upande wa pili wa konde. Alipokuwa akifika hapo alikuwa anacheka sana. Sijui shamba lile nani alilipata, nadhani hata yeye alikuwa hajali tena.

Ndo maana nasema historia ya lile jengo tukiiandika kwa jina la Sinclair peke yake tumeiandika nusu. Historia yake ni ya waliopanda zile ngazi, na wengi walizipanda kwa hofu.

Angalia tu mambo yaliyopita kwenye mahkama za nchi hii ndani ya miaka 100. Utumwa ulivunjwa kisheria 1897, kabla hata jengo halijasimama, lakini ulivunjwa kwa namna ambayo mtumwa lazima aende mwenyewe akaombe uhuru wake, na bwana wake alipwe fidia, na masuria wakaachwa nje ya sheria mpaka 1909. Maana yake ni kwamba kwa watu wengi uhuru ulikuwa ni jambo la kwenda kusimama mbele ya ofisa na karani wake. Kuna watu mpaka leo wanaona tabu kulizungumza hili barazani, na mie nafahamu kwanini, lakini ndo lilivyokuwa.

Halafu 1926 Baraza la Kutunga Sheria likaanza, na lilikuwa linakaa wapi? Victoria Hall, ng'ambo ya barabara tu, ndani ya ile bustani inayotazamana na mahkama. Sheria ikitungwa upande huu, mtu anafungwa kwayo upande ule, katikati njia ya gari moja. Mtawala hakuhitaji hata kupanda baiskeli.

Watu nao walikuwa wanaiona mahkama kwa macho yao wenyewe. Siti binti Saad na wenzake walikuwa wanaziimba kesi za mjini, waziwazi, mpaka ile ya mauaji ambayo muuaji alikimbilia bara na waliobaki kuadhibiwa ni wanawake waliokwenda kutoa ushahidi. Hukumu ilikuwa inatoka mahkamani mchana, usiku inahukumiwa tena kwenye taarabu Ng'ambo, mitaa ya nje ya Mji Mkongwe, na hiyo ya pili haikuwa na rufaa.

Na 1951, Vita vya Ng'ombe. Hii wengi tumeisikia kwa juujuu. Wakulima wa Kiembesamaki, ambao tayari walikuwa na uchungu wa ardhi zao kuchukuliwa kwa ajili ya uwanja wa ndege, walikataa ng'ombe wao wachomwe sindano na kutiwa kwenye dawa, kwa sababu walikuwa wanawaona wanakufa. Wakakamatwa 19. Tarehe 30 Julai wakahukumiwa mjini, watu wamejaa nje, na gari iliyowachukua kuwapeleka jela ilipoondoka umati ukaizuia, ukawatoa baadhi yao, halafu watu wakaelekea Kiinua Miguu, gereza la Kilimani, polisi wakafyatua risasi na watu wakafa. Wanahistoria wengi wanaihesabu siku ile ni katika mwanzo wa siasa za kudai uhuru hapa. Sasa niambie, ukiligeuza jengo la mahkama likawa hoteli, hili utaliandika wapi? Kwenye menyu?

Nikija baada ya Mapinduzi nitapita haraka kidogo, maana kila mtu ana yake na bado yana moto. Mwaka 1969 ikapitishwa sheria ya Mahkama za Wananchi, hakimu si lazima awe kasoma sheria, wanakaa watatu, na wakili haruhusiwi kumtetea mtu. Waliounga mkono walisema mahkama ya mkoloni ilikuwa ya wenye pesa na Kiingereza chao, mtu masikini alikuwa anahukumiwa kwa lugha asiyoijua, bora ahukumiwe na jirani yake anayeijua hali yake. Hoja hiyo ina uzito, tusiidharau. Lakini jirani anayeijua hali yako anaijua na fitina yako, na ile kesi ya uhaini iliyofuata baada ya kuuliwa Mzee Karume tarehe 7 Aprili 1972, washitakiwa 81, wengine wakihukumiwa hawapo, na hakuna wakili wa kuwatetea, iliwaonesha hata waliokuwa na matumaini makubwa kwamba kuondoa wigi si sawa na kuleta haki. Ikaja Katiba ya 1984, na 1985 zikaja sheria mpya za Mahkama Kuu, za mahkama za mahakimu na za mahkama za kadhi, mawakili wakarudi. Jaji Mkuu wakati huo ni Augustino Ramadhani, ambaye baadae alikuja kuwa Jaji Mkuu wa Tanzania nzima.

Na 2000, ile kesi ya uhaini ya wanachama 18 wa chama cha upinzani cha CUF ambao walikuwa ndani, wengine tokea mwisho wa 1997 na wengine tokea mwanzo wa 1998, Mahkama ya Rufani ikasema kosa la uhaini haliwezi kufanywa dhidi ya Serikali ya Mapinduzi kwa sababu dola ni Jamhuri ya Muungano. Watu walitoka jela, na hapohapo kuna waliofurahi machozi yakawatoka na wakati huohuo wakaudhika, kwa sababu ile iliyowafungua ndugu zao ndo iliyowaambia Zanzibar si dola. Mpaka leo ukiitaja kesi ile baraza linagawika, na cha ajabu si kwa chama.

Haya, sasa hilo jengo.

Wapo wanaosema lipewe mwekezaji. Na wana mfano wao mzuri, lazima tuukubali. Nyumba ya Extelecoms, lile jengo la zamani la simu pale Shangani, ilikuwa imechoka, ikatengenezwa ikawa hoteli ya Serena 1997, na mpaka leo imesimama, rangi haijababuka, mbao hazijaoza, watu wanafanya kazi mle. Upande wao wa pili wanakuonesha Beit al-Ajaib. Jumba la Barghash la 1883, fahari ya mji mzima, halikupewa hoteli, lilifanywa makumbusho kama sisi wapenda urithi tunavyotaka, na likawaje? 2012 upande ukadondoka, likafungwa, na tarehe 25 Disemba 2020 upande wa mbele ukaanguka wakati wa matengenezo na watu wawili wakafa. Mzee akaniambia hivi: "Wewe unataka makumbusho, makumbusho ndo yale." Nikanyamaza, kwa sababu sikuwa na la kumjibu kwa wakati ule.

Nimelifikiria baadae. Beit al-Ajaib haikuanguka kwa sababu ilikuwa makumbusho. Nyumba za hapa, ziwe za mawe matupu au zimechanganywa na chuma kama ile, ugonjwa wake ni maji. Paa likivuja msimu mmoja wa masika usilizibe, maji yanaingia ukutani, ukuta wa chokaa unavuta, boriti inaoza kichwa chake palipoingia ukutani ambapo huwezi kupaona, chuma kinashika kutu kinavimba kinapasua kilichokizunguka. Halafu anakuja fundi mwenye haraka anapiga saruji juu ya chokaa ili ionekane nzuri siku ya mgeni rasmi, na saruji hairuhusu ukuta upumue, unyevu unabaki ndani, na mwaka wa pili plasta inaanguka vipande vipande na mawe yake. Mafundi wa chokaa bado wapo, lakini chokaa kinataka muda, na bajeti zetu hazipendi vitu vinavyotaka muda. Hoteli inaweza kumudu kwa sababu paa likivuja mgeni analalamika usiku uleule. Makumbusho likivuja mtu anahamisha meza.

Kwaiyo kwa upande wa matengenezo hoja ya mwekezaji inashinda, nakubali. Lakini hoteli nayo ina lake. Mambo Msiige, nyumba ya katikati ya karne ya 19 pale Shangani, ilipogeuzwa hoteli iliyofunguliwa 2015 ilijengewa na sehemu mpya ubavuni, na Kamati ya Urithi wa Dunia ilishalalamika kuhusu ujenzi ule, na mie sio mtu wa kamati lakini nakumbuka pale palikuwa na uwazi wa kwenda pwani watoto wanacheza mpira. Leo ukitaka kuiona Mambo Msiige ndani lazima ununue kitu unywe. Mtoto wa Ng'ambo hataiona ndani mpaka apate kazi ya kubeba mabegi. Sio kosa la mtu, hoteli ndo ilivyo, lazima mlangoni kuwe na mtu wa kuuliza unakwenda wapi.

Na mahkama ni kinyume cha hilo. Mahkama, hata ya mkoloni, hata ya wakati mbaya, mlango wake ulikuwa wazi kwa mtu yeyote anayetaka kuingia kusikiliza. Pengine ndo jengo pekee la serikali ambalo bibi yangu aliingia bila kuwa na mtu anayemjua ndani. Hilo likiondoka, kuta zibaki zikipakwa rangi kila mwaka, kwangu mie jengo limekwenda.

Kuna njia ya katikati na mfano wake upo forodhani kule Malindi, Dispensari ya Kale ya Tharia Topan. Ilianza kujengwa 1887, ikamalizika 1894 mwenyewe keshakufa, ikatumika, ikachakaa mpaka ikawa gofu, halafu miaka ya 1990 taasisi ya Aga Khan ikaitengeneza kwa kazi ya uangalifu kweli, na mafundi nao wakafundishwa humohumo, na ndani pakawekwa mchanganyiko, ofisi, sehemu za maonesho, vyumba vya kukodisha. Haijawa kamili, kuna vipindi imekuwa kimya mpaka unajiuliza kama imefungwa, lakini haijaanguka na unaweza kuingia.

Ningeachiwa mie Vuga, ningeacha chumba kimoja cha kesi kama kilivyo, na kizimba chake na kiti cha jaji na feni yake, kisiguswe. Vyengine vya chini ningewapa watu wa msaada wa kisheria, mwanamke wa talaka na mtu wa mgogoro wa kiwanja aje aulize bure, maana hao ndo wateja wa Vuga tokea zamani na huko Tunguu hawatofika kwa swali tu, watafika wakishafunguliwa kesi. Mafaili ya kesi za zamani yapo kwenye nyumba ya Nyaraka za Taifa kule Kilimani, zichukuliwe nakala zake zitundikwe ukutani kwa Kiswahili cha kusomeka, Kiembesamaki, Ng'ambo, masuria wa 1909, wote, na yale ya baada ya 1964 vilevile, sio kuchagua ya mkoloni tu kwa sababu mkoloni hayupo kujibu. Wanafunzi wa Tunguu waje kufanya kesi za kuigiza pale mara moja kwa mwezi. Na juu, vyumba vya juu vikodishwe kwa mawakili, kodi ndo itoe pesa ya paa na chokaa, na kodi ile iwe kwenye akaunti yake, isiingie kwenye chungu kikubwa ikapotelea huko.

Jana nikarudi Jaws Corner nikamueleza yule mzee yote hayo, nimejipanga, nimeandika mpaka kwenye karatasi. Kanisikiliza mpaka mwisho bila kunikata, jambo ambalo si kawaida yake. Kamaliza kashata yake, kajifuta mikono, kauliza.

"Hao watakaolipa kodi ni mawakili?"

Nikamwambia ndio.

"Mawakili wa hapa hapa?"